Matuta Yasiyo na Marando

Siku moja naikumbuka kuliko nyingine zote za ujana wangu, mwanangu, nayo ni ile niliyomdanganya mama mkwe wangu kuhusu maji. Nilirudi kutoka ziwani jua limeshaanza kushuka, nikamkuta amekaa mlangoni akinusa ugoro wake. Akaniuliza kama marando nimeyamwagilia. Nikamjibu kwamba nimeyamwagilia yote. Akasema vizuri, pumzika basi. Nikapita ndani bila kumtazama, na wala sikumtazama mtoto aliyekuwa amelala mapajani mwake, ingawa mtoto yule nilimzaa mimi.

Nimesikia kwamba tangu msiba wako umeacha kusali. Sikuulizi sababu, maana mtu haachi kusali bila sababu, na sababu ya mtu ni yake. Ila nimeona nikusimulie habari hii, ambayo hata watoto wangu wa kuzaa hawaijui yote, kwa kuwa nilikuwa naona haya. Sasa nimezeeka, haya imepungua. Nikikohoa katikati, nisubiri tu.

Nyumba yetu ya zamani ilikuwa ufukoni, katikati ya mawe makubwa, mwendo wa saa mbili kwa mguu kutoka barabara ya Musoma. Niliolewa pale na Masanja, kijana mpole asiyependa maneno, nikamkuta mama yake, bibi Minza, mjane. Bibi Minza alikuwa mwembamba, mkali kwa kuku na kwa wavivu, na alipenda sana kuimba ingawa sauti Mungu hakumpa. Mimi nilisoma kwa masista mpaka darasa la nne, na siku hizo hiyo ilikuwa elimu ya kujivunia. Katekisimu niliijua yote kwa kichwa. Yeye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza dini uzeeni, na kila jioni nilimkalisha nikamfundisha majibu. Yalikuwa hayamkai. Nikimwuliza Mungu ni nani, badala ya jibu la kitabu alisema, "Si huyo aliyeniamsha leo?" Nami nilicheka, nikamwambia mama, kwa jibu hilo Padri hatakubatiza. Miaka mitatu alirudia darasa lile lile na watoto wadogo.

Nieleze kidogo habari ya marando, maana nyinyi mnanunua viazi sokoni. Viazi vitamu havina mbegu ya kuweka ghalani. Mbegu yake ni hayo marando, majani yanayotambaa juu ya tuta, na kiangazi kikiingia yanakauka. Kwa hiyo kila nyumba yenye akili huwa na kipande kidogo mahali penye unyevu, na mwanamke mmoja hupewa kazi ya kuyamwagilia kuanzia mwezi wa sita mpaka mvua irudi. Muda wote huo hayazai kitu. Unayamwagilia tu yasife, ili mvua ikinyesha uwe na cha kupanda. Nyumba iliyopoteza marando yake haipati viazi, na isiyopata viazi haina michembe, vile vipande vya viazi vilivyokaushwa juani ambavyo ndivyo chakula chetu miezi ya njaa. Kipande chetu kilikuwa chini ya nyumba, hatua chache tu kutoka majini.

Nyumbani pale ndipo nilipozaa mapacha. Kwetu Usukuma mapacha hawatafutiwi majina. Anayetangulia ni Kulwa, anayemfuata ni Doto, na mambo yameisha. Wangu walikuwa wa kiume wote wawili. Kulwa alikuwa mchangamfu, Doto mwenye kununa. Nilikuwa na furaha ambayo hata kuisema naona tabu.

Walipotimiza mwaka ikaja amri ya kuhamia kijiji cha ujamaa, kando ya barabara, mbele kidogo ya Kisesa. Sisemi ilikuwa mbaya, sisemi ilikuwa nzuri. Shule tuliipata kule, na watoto wangu wamesoma pale. Ila sisi tulichelewa kuhama, na majani ya kuezekea yalikuwa yamechomwa moto na wachungaji. Viwanja vilikuwa vimepimwa kwa mistari, kila familia na nambari yake. Watu walitoka vilima mbalimbali, hakuna aliyemjua mwenzake. Upande wetu wa kulia aliwekwa mwalimu wa shule, Mhaya wa Bukoba, Mlutheri, pamoja na mkewe tuliyemwita Mama Mwalimu. Tuliingia ndani ya nyumba iliyoezekwa nusu, tukisema tutamalizia.

Mvua kubwa zikatukuta bado hatujamalizia, na katikati ya mvua hizo ukaja ugonjwa wa surua. Watoto wote wawili wakashikwa. Siku ya nne Kulwa akaanza kupumua kwa shida. Asubuhi Masanja alimbeba Kulwa, mimi nikambeba Doto, tukatoka kwenda zahanati, nayo ilikuwa ng'ambo ya mto. Mto ulikuwa umejaa. Tukasimama ukingoni kusubiri maji yapungue, mvua inatupiga, Masanja amevua shati amemfunika nalo mtoto na kumwinamia. Hayakupungua. Kama saa tano hivi nilimwona Masanja ananyanyuka taratibu, ameacha kumkinga mtoto na mvua. Akageuza njia kurudi nyumbani, nami nikamfuata.

Kaburi la kwanza la kijiji kile lilikuwa la mwanangu. Nilitaka azikwe ufukoni, kwenye kiwanja cha babu yake, lakini kwa mvua ile isingewezekana. Majirani walikuja, wengine hata jina langu hawakulijua, wakachimba, wakaimba. Katekista akasema Mungu anatupenda. Nilimwangalia mdomo wake ukitamka maneno yale yale niliyokuwa nikimfundisha bibi Minza jioni, nikaona chuki inanipanda. Nakwambia ukweli, mwanangu, nilimchukia Mungu. Nilijua majibu yake yote na hakuna hata moja lililonifaa.

Doto alipona surua. Hapo ungedhani ningemkumbatia usiku na mchana. Sikufanya hivyo, na ndiyo sababu nakusimulia.

Jina lake ndilo lililoniponza. Msukuma akisikia unamwita mtoto Doto, hata kabla ya kumaliza salamu atauliza Kulwa yuko wapi. Ni kawaida, ni furaha ya watu kuwaona mapacha pamoja. Kule ufukoni habari ingeenea siku moja, na watu wangenyamaza kwa heshima. Pale kijijini watu walikuwa wageni, na kila wiki waliletwa wengine. Kisimani, kwenye shamba la kijiji, kwenye foleni ya duka la ushirika, nikimwita tu, mama mmoja anageuka akitabasamu, "Na Kulwa yuko wapi?" Mara ya kwanza nililia. Mara ya pili niliacha ndoo nikakimbia. Baada ya hapo nikaacha kumwita. Nikimhitaji nilisema "wewe". Kisha nikaacha kumhitaji.

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo sikumwambia mtu. Niliamini kwamba Mungu ameniona nikifurahi na mapacha wangu, ndiyo maana akamtaka mmoja. Basi nikajiambia, huyu nisimpende, Mungu asije akaniona nampenda. Nikamwachisha ziwa ghafla, nikamhamishia kwa bibi yake. Akilia ananyoosha mikono kwangu, nilitoka nje kupepeta nafaka. Aliendelea hivyo miezi miwili mitatu, halafu akaacha kunyoosha mikono. Nikashukuru kwamba ameacha, nikidhani nimemwokoa.

Nilikuwa na miaka ishirini na michache. Masanja naye alikuwa na msiba wake, alishinda kwenye shamba la kijiji mpaka jua linazama, akirudi anakula kimya. Kusali niliacha. Rozari niliitundika kwenye msumari na buibui akaizoea.

Kiangazi kilipoingia, bibi Minza akanipa kazi ya marando, maana miguu yake ilikuwa inamuuma na mtu wa kwenda ziwani kila siku ya tatu alikuwa ni mimi. Mara mbili za kwanza nilimwagilia. Mara ya tatu nilifika pale, nikaona ukuta wa nyumba yetu uliobaki, nikakaa kwenye jiwe ambalo nilikuwa nikiwaogeshea watoto. Nikakaa mpaka muda wa kurudi. Maji yako hatua kumi, ndoo iko mkononi, nikashindwa kuinuka. Niliona upuuzi mtupu. Kumwagilia kitu kisichozaa, miezi mitano, kwa ajili ya mwakani, na mwakani ni ya nani? Nikarudi nikadanganya, kama nilivyokwambia mwanzo. Na kuanzia siku hiyo nilienda kila siku ya tatu, nikakaa juu ya jiwe, nikarudi, nikadanganya. Niliyatazama marando yakisinyaa, yakawa kahawia, yakawa kama kamba kuukuu.

Doto alikuwa anasinyaa nayo vilevile. Nywele zake zikawa nyekundu, miguu ikavimba, akawa hataki kucheza. Bibi Minza alimtafunia karanga akampa mdomoni, akamtafutia maziwa kwa watu wenye ng'ombe. Alimsaidia kiasi cha kumfanya asife. Mtoto aliyeachwa na mama yake hata ukimpa chakula anakitazama tu.

Mwezi wa kumi na moja mawingu yakakusanyika. Bibi Minza akasema sasa yeye mwenyewe ataenda kukata marando, taratibu, atapumzika njiani. Sikumzuia. Nilikuwa nimechoka kuficha. Alirudi mchana akiwa na kijifungu kidogo kikavu, akakiweka kando ya jiko kama kuni, akanawa mikono. Nilingoja anitukane. Alimchukua Doto, akamwimbia kwa ile sauti yake mbaya, basi.

Kesho yake mvua ilinyesha. Asubuhi iliyofuata nilisikia jembe. Nikachungulia, nikamwona bibi Minza shambani, mtoto mgongoni, anapandisha matuta. Nikadhani ameamua kupanda kitu kingine, lakini yale yalikuwa matuta ya viazi, mapana, yaliyonyooka. Alilima mpaka mchana. Kesho yake akaenda tena. Watu waliokuwa wanapita barabarani wakamwuliza marando yake yako wapi, akawajibu kwamba bado hayajafika. Wengine wakacheka. Balozi wetu wa nyumba kumi akaja kumwuliza Masanja kwa upole kama mama yake ni mzima kichwani. Masanja akanitazama mimi. Nikainama.

Siku ya tatu nilishindwa kuvumilia. Nilikwenda mpaka pale shambani, na nilikuwa na hasira, usidhani nilikwenda kuomba radhi. Doto alikuwa amekalishwa mwisho wa tuta, miguu yake iliyovimba ameinyoosha mbele, inzi wanamtua usoni na hawafukuzi. Nikamwambia bibi Minza aache kutuaibisha, marando hakuna, yamekufa, na mimi ndiye niliyeyaua, sikuyamwagilia, nilimdanganya tangu mwezi wa saba.

Aliegemea mpini wa jembe. Alizungumza Kisukuma, mimi nakutafsiria.

"Najua," akasema. "Mtu aliyetoka kumwagilia hurudi na matope miguuni. Wewe ulirudi na vumbi."

Nikamwuliza kwa nini basi alinyamaza miezi yote ile akaacha mbegu ya nyumba ikauke.

"Ningekwenda mwenyewe, huyu ningemwacha na nani?" Akamwonyesha Doto kwa kidevu. "Nilichagua kimoja nikimwagilie."

Akaendelea, na hapo hakuwa mpole hata kidogo. Akasema, "Kulwa tulimzika, tukamlilia, na Mungu anaye. Huyu hajafa. Wewe unamzika kila siku akiwa anakuangalia."

Niliona kama nimepigwa kofi. Nikaanza kulia, nikasema maneno ambayo sikuwahi kumwambia mtu, kwamba namwogopa Mungu, kwamba nikimpenda mtoto huyu atamwona na kumchukua, kwamba kama Mungu anatupenda angepunguza maji ya ule mto kwa muda mfupi tu, watu wanne wavuke. Nililia kwa sauti kubwa mpaka Mama Mwalimu akatoka nje kusikiliza.

Bibi Minza akaniacha nilie nimalize. Kisha akakaa chini juu ya tuta, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kazini, akanivuta nikae naye.

"Mimi nimezaa tisa," akasema, "nimezika sita. Kila nilipozika nilimwuliza Mungu kwa nini. Hajanijibu hata mara moja. Nimemtukana, nikanyamaza, nikamtukana tena. Lakini mtu asiyekupenda, ukilia sana huchoka na kilio chako akaondoka. Huyu hajaondoka. Asubuhi nikiamka namkuta. Majibu yenu ya kitabu mimi hayanikai, lakini hilo nalijua."

Nikamwuliza, basi haya matuta ni ya nini.

"Matuta ndiyo ninayoyaweza," akasema. "Marando siyawezi. Nikikaa nyumbani kwa kuwa siwezi yote, hayo marando yakija nitayaweka wapi?" Akasimama, akashika jembe. "Mwite mtoto wako."

Nikamwambia siwezi. Akasema tena, mwite. Miezi minane sikuwa nimelitamka lile jina. Nikasema, "Doto."

Mwanangu, hakugeuka. Alimtazama bibi yake kwanza, kama anayeuliza ni nani anayemwita. Hiyo ndiyo adhabu niliyoipata, na nilistahili. Nikamfuata pale alipo, nikamfukuza inzi usoni, nikamwita tena. Aliniangalia kama anavyomwangalia mgeni. Nilipomnyanyua alikaza mwili. Nilikaa naye pale chini mpaka bibi Minza akamaliza tuta lile na kuanza jingine.

Mama Mwalimu alikuwa bado amesimama kwenye mpaka wa kiwanja. Akasita, maana tulikuwa hatujazoeana, tukimcheka kwa ndizi zake na kwa Kiswahili chake. Akauliza kwa adabu kama yale majani tunayoulizwa na wapita njia ni kama yale yaliyoko nyuma ya jiko lake. Tukaenda kuangalia. Kumbe wakati tunahamia bibi Minza alimpa jirani huyo konzi ya marando apande, kama tunavyompa mgeni yeyote. Yule mama, kwao Bukoba mvua haikatiki, hakujua kwamba kwetu kiangazi marando ya nyumbani huachwa yafe. Alikuwa anayamwagia maji ya kuoshea vyombo kila siku, na wanawake wa mtaa walikuwa wanamcheka, ila sisi katika msiba wetu habari hizo hazikutufikia. Yalikuwa kijani. Yalikuwa machache, hayakujaza hata theluthi ya matuta ya bibi Minza, na matuta mengine yalibaki wazi msimu mzima watu wakipita na kuyaona. Lakini tulipanda. Nami nilipanda Doto akiwa mgongoni, amekaza mwili vilevile.

Usidhani baada ya hapo mambo yalinyooka. Mwaka ule tulikula kwa kupimiana. Doto tulimpeleka zahanati, mto ukiwa bado mkavu, maana mvua za mwanzo hazikuwa zimeujaza, tukavuka miguu ikiwa haijalowa, na pale ukingoni Masanja alisimama akashindwa kutembea kwa muda. Muuguzi akatuambia tumpe uji wa karanga mara nyingi, kidogokidogo, na akasema wazi kwamba hatuahidi kitu. Nilimpa. Alitema. Nilimpa tena. Wiki ya kwanza alikubali tu bibi akimshika. Nilikuwa nalia huku nakoroga uji, na hapohapo nikaanza kuzungumza na Mungu, si sala ya kitabu. Nilimwambia, sikuelewi, na bado nakuogopa, lakini huyu usimwache, na mimi sitamwacha. Kila siku nilisema hayo. Sikusikia sauti yoyote. Ila kila asubuhi niliamka nikapata nguvu ya kuwasha moto, na jana yake nilikuwa na hakika kwamba nguvu imekwisha. Hapo ndipo nilipoanza kumwelewa bibi Minza.

Siku moja karibu na Pasaka nilikuwa kisimani, Doto amekaa kando ya ndoo. Uvimbe wa miguu ulikuwa umeshapungua, ameanza tena kununa, na kununa kwake kwangu kulikuwa sikukuu. Akataka kuondoka nikamwita kwa nguvu, "Doto, rudi." Akageuka. Akarudi kwangu, akajishikiza kwenye khanga yangu. Mama mmoja mgeni aliyekuwa anachota maji akacheka kwa furaha, akauliza swali lile lile.

"Na Kulwa yuko wapi?"

Doto ameshika khanga, siwezi kukimbia. Nikasema, "Kulwa yuko kwa Mungu, mama. Huyu ndiye Doto."

Jibu hilo nililijua tangu darasa la pili, na nilikuwa nimewafundisha wengine. Siku hiyo ndipo nilipolisema nikiwa namaanisha. Nililisema huku nalia, na yule mama akaweka ndoo chini, akanishika mkono, akalia na mimi, maana naye alikuwa na wake aliyemzika.

Bibi Minza alibatizwa mwaka uliofuata. Majibu bado hayakuwa yamemkaa. Padri akamwuliza mara mbili kama anaamini, akamjibu, "Naamini, Padri, ila miguu inaniuma, tumalizie." Kanisa zima likacheka, mimi nikalia. Aliishi miaka kumi mingine, na alipofariki Doto ndiye aliyeshika msalaba mbele ya jeneza. Masanja naye ameshatangulia. Kulwa bado namlilia. Nikisikia mvua juu ya bati saa za asubuhi, huwa naacha ninachofanya. Miaka yote hii sijapata jibu la ule mto, na sikudanganyi kwamba wewe utalipata la kwako.

Haya ndiyo ninayotaka uyashike. Sikwambii usilie, lia, na ukitaka kumgombeza Mungu mgombeze, yeye hakimbii. Usiende mahali pa kusali kutafuta maneno mazuri, nenda kwa sababu yupo. Usimpime upendo wake kwa kile kilichochukuliwa peke yake. Tazama pia nani alibaki amekaa nawe, nani alimbeba mtoto wako wakati mikono yako imekufa, nani alikuwa anamwaga maji ya vyombo nyuma ya jiko lake bila kujua anakuwekea. Mimi nilikuwa nangoja Mungu aje na kishindo, naye alikuwa analima kando yangu kila siku na nilikuwa namwonea aibu. Fanya lile dogo unaloliweza leo, hata kama halina maana machoni pa wapita njia. Na usiache kupenda kwa kuogopa kunyang'anywa. Nilijaribu hilo miezi minane, nikaona kwamba nilikuwa nanyang'anya mwenyewe.

Mungu aliyekaa nami nikiwa simtaki, akae nawe. Akupe usingizi, akupe hamu ya kula, akupe jirani anayejua kunyamaza. Akuvumilie unapomgombeza. Asubuhi ambayo hutakuwa na sababu ya kuamka, akuamshe yeye. Na aliyebaki nyumbani kwako, rudi ukamwite kwa jina lake lote, na kama hatageuka mara ya kwanza, umwite tena.